"Hub", "nexus", "node": neno lipi liende wapi?

"Mwalimu, shikamoo. Naandika tasnifu ya uzamili kwa Kiingereza kuhusu biashara ya Kariakoo na wateja wanaotoka Kongo, Zambia, Malawi na Comoro. Sura ya nne imerudi imejaa wino mwekundu. Msimamizi amezungushia 'Kariakoo is the nexus of regional trade', 'the hub between traders and clearing agents', 'Dar es Salaam port is the focal point of the Central Corridor' na 'Trust is the node of this business'. Pembeni ya kila moja ameandika tu 'word choice'. Maneno yote hayo nimeyatoa kwenye orodha ya visawe vya 'centre' na 'connection'. Nikirudia 'centre' kila mahali nitaonekana wa kidato cha pili. Mwenzangu anasema 'nexus' ni la kitaaluma, halikosei popote. Nitajuaje neno lipi liende wapi?"

Marahaba. Swali lako lina mambo mawili yaliyofungamana. Hujui neno lipi liende wapi, na pia unaogopa kwamba ukiandika kwa maneno mepesi utaonekana hukusoma. Nianze na hilo la pili, maana ndilo lililokupeleka kwenye orodha ya visawe.

Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia neno katika insha ni udhaifu. Kwa insha ya siku usiyoisahau ushauri huo unafaa. Kwenye tasnifu unaharibu kazi. Ukurasa wa 40 ukiiita Kariakoo "hub", wa 43 ukaiita "nexus", na wa 47 "node", mtahini atadhani unazungumzia vitu vitatu, na atarudi nyuma kutafuta ulipovitofautisha. Asipopaona, ataandika kwamba mwandishi hana hakika na dhana zake. Kurudia "centre" mara kumi si kosa, ilimradi mara zote kumi unamaanisha kitu kilekile. Watahini hawamwadhibu mtu kwa neno jepesi lililokaa mahali pake. Wanachoadhibu ni neno zito linalosema jambo ambalo wewe hukukusudia kulisema, na ndilo lililotokea kwenye sentensi zako nne.

Sasa kuhusu hiyo orodha. Visawe ni maneno yanayokutana katika sehemu fulani ya maana. Orodha inakuonyesha yanapokutana tu, wala haikuonyeshi yanapoachana. Hilo halikuwa uzembe wa waliobuni orodha hizo. Peter Mark Roget, daktari Mwingereza aliyetoa kitabu chake maarufu cha maneno mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa mawazo bila kuyafafanua, akimlenga mtu ambaye tayari anayajua na anahitaji kukumbushwa lile lililomtoka kichwani. Kwa mtu huyo orodha ni msaada mkubwa. Kwa mtu anayekutana na neno kwa mara ya kwanza ndani ya orodha yenyewe, ni sawa na kuokota dawa kwenye kabati la jirani kwa sababu chupa zinafanana.

Kwa hiyo kabla hujafungua orodha yoyote, jiulize unataja nini. Je, ni mahali ambapo vitu vingi vinafika na kuondoka? Ni uhusiano wenyewe kati ya kitu na kitu? Au ni lile jambo ambalo likiondolewa mengine yote yanaanguka? Kiswahili chako kinazijua tofauti hizi vizuri. Husemi "Kariakoo ni kiungo cha jiji". Unasema ni kitovu. Husemi "kitovu kati ya muuzaji na wakala", unasema kiungo. Wala hakuna mtu angesema "uaminifu ni fundo la biashara hii" akimaanisha kuisifu, kwa sababu fundo kwetu liko rohoni, na si sifa. Iseme sentensi yako kwa Kiswahili kwanza. Ikikataa huko, neno la Kiingereza ulilochagua lina shaka. Kipimo hiki kina mpaka wake: kitakufikisha kwenye ukoo wa maneno, lakini ndani ya ukoo Kiingereza kinagawa zaidi kuliko sisi, na hapo inabidi kulijua neno moja moja.

Tuanze na "hub". Maana yake ya asili ni ile sehemu ya katikati ya gurudumu ambamo spoki zote zinaingia. Itazame baiskeli iliyogeuzwa kwa fundi. Spoki mbili za jirani hazina njia ya kusaidiana ila kupitia pale katikati. Maana hiyo haijalitoka neno. Shirika la ndege la Delta lilipoanza mwaka 1955 kupitisha abiria wa miji mingi kwenye uwanja wa Atlanta, mpango huo ulikuja kuitwa wa "hub" na spoki zake. FedEx ilifanya hivyohivyo Memphis mwaka 1973: vifurushi vinakusanywa usiku, vinachambuliwa, vinatawanywa. Kwa hiyo "hub" ni mahali au taasisi, na lazima uweze kuzihesabu spoki. Kariakoo unaweza: mizigo ya Lubumbashi, ya Lusaka, ya Lilongwe, ya Moroni. Neno hili huenda na "of" au "for". Haliendi na "between", kwa sababu katikati ya vitu viwili hakuna gurudumu.

Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza ilistahili "hub", na ile uliyoiandikia "hub" haikulistahili. Lakini kuna jambo dogo hapo ambalo naliona kubwa kuliko neno lenyewe, nalo ni "the". Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo, ndiyo maana huwa linatuponyoka. Ukiandika "the hub of regional trade" umedai kwamba kitovu ni kimoja tu katika ukanda wote. Mtahini atakuuliza: na Eastleigh ya Nairobi je? Na Owino ya Kampala? Ukiandika "a hub" au "a major hub", hujadai zaidi ya ulichokiona. Kama utafiti wako haukuyagusa masoko hayo mengine, huna ushahidi wa "the".

"Nexus" sasa, maana ndilo mwenzako analoliona halikosei. Linatoka katika kitenzi cha Kilatini cha kufunga, kilekile kilichozaa "connect" na "annex". Katika Roma ya kale, mkopaji aliyeshindwa kulipa aliweza kufungwa kwa mkopeshaji wake kwa mkataba ulioitwa "nexum", mwili wake ukiwa rehani, mpaka sheria ya mwaka 326 kabla ya Kristo ilipoukomesha utaratibu huo. Basi maana ya kwanza ya "nexus" ni kifungo, yaani uhusiano unaobana pande mbili au zaidi. Mwandishi Thomas Carlyle alilitumia hivyo mwaka 1839 alipolalamika kwamba fedha taslimu ndiyo iliyobaki kuwaunganisha watu wa Uingereza ya viwanda.

Baadaye neno likapata maana ya pili, ya mahali mambo mengi yanapofungamana, na kamusi zinaitaja. Kwa hiyo sitakuambia kwamba "the nexus of regional trade" ni kosa la sarufi. Utaikuta magazetini. Ila msomaji makini akiliona "nexus" anatarajia umwonyeshe nini kimefungwa na nini, na kwa namna gani. Wewe ulitaka kusema tu kwamba watu wengi wanakuja Kariakoo kununua, halafu hukuonyesha kifungo chochote. Umeahidi jambo na hukulitimiza, na hilo ndilo msimamizi wako analokuonyesha kwa wino wake. Lingekaa vizuri hapa: "the nexus between credit and trust", iwapo una kurasa za kueleza jinsi mkopo wa mali na kuaminiana vinavyobanana hadi huwezi kuchunguza kimoja bila kingine. Na ukihitaji wingi wake, andika "nexuses". Wapo wanaoliacha "nexus" lilelile kwa wingi pia. "Nexi" si wingi wa nomino hii katika Kilatini, wala si la Kiingereza sanifu.

Kuna mahali "nexus" si la kuchagua, ni istilahi. Ukifanya kazi na wafadhili utakutana na "nexus" ya maji, nishati na chakula, iliyopata nguvu baada ya mkutano wa Bonn wa mwaka 2011, na ile ya misaada ya dharura, maendeleo na amani, ambayo OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, iliitolea mapendekezo rasmi mwaka 2019. Humo usilibadilishe hata kama unalichoka. Mahakamani pia lina kazi yake: upande wa mashtaka hutakiwa kuonyesha "nexus" kati ya mshtakiwa na tendo. Na katika kodi za Marekani ni neno la fedha kabisa. Mwaka 2018, katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba jimbo linaweza kumtaka muuzaji akusanye kodi ya mauzo hata kama hana duka wala ofisi ndani ya jimbo. Swali lilikuwa muuzaji awe na "nexus" ya namna gani na jimbo. Ukikutana na neno hili kwenye mkataba au barua ya kodi, usiulize mwalimu wa lugha kama mimi. Nenda kwa mwanasheria au mshauri wa kodi, kwa sababu pale maana yake imewekwa na sheria na hukumu, na kamusi haitakuokoa.

"Node" ni fundo, kwa Kilatini na kwa maana. Mtaalamu wa mimea hulitumia kwa zile sehemu za muwa zilizovimba kati ya pingili na pingili, majani yanapochipukia. Katika masomo ya mitandao ni nukta yoyote iliyounganishwa na nyingine. Halina heshima wala ukubwa. Duka la mtaa wa Congo hapo Kariakoo ni "node", ghala la Tunduma ni "node", na dalali mmoja mwenye simu mbili mkononi ni "node" vilevile. Ukiandika "Trust is the node of this business" msomaji anashangaa, kwa kuwa uaminifu si nukta kwenye mchoro. Uaminifu ni aina ya uzi unaounganisha nukta. Lakini usilitupe neno hili. Kama katika sura yako ya mbinu utachora mtandao wa wafanyabiashara, litakufaa sana, na hapo utapata matumizi safi ya maneno mawili pamoja: kila "hub" ni "node", ila "node" inayostahili kuitwa "hub" ni ile yenye miunganisho mingi kuliko wenzake. Tofauti ya namna hiyo, ikielezwa mara moja mwanzoni, inaheshimiwa na mtahini yeyote.

"Focal point" ni mahali macho, mwanga au juhudi zinapoelekezwa. "Focus" lilikuwa na maana ya meko kwa Warumi, na mwanafalaki Kepler alilitia kwenye hesabu za mwanga mwaka 1604. Siku hizi katika ofisi za serikali na Umoja wa Mataifa, "focal point" mara nyingi ni mtu: afisa ambaye barua za jambo fulani zinapelekwa kwake. Bandari haiangaliwi tu, bandari hupitiwa. Kwa hiyo "gateway" ndilo lako, yaani lango: "the port of Dar es Salaam is the main gateway to the Central Corridor". Niruhusu niongeze neno ambalo si la lugha. Ushoroba wa Kati (Central Corridor), kama njia ya mizigo kutoka Dar es Salaam, unaelekea Rwanda, Burundi, Uganda na mashariki ya Kongo. Mizigo ya wateja wako wa Zambia hupita Tunduma, na ya Malawi hupita Kasumulu, kwa njia nyingine. Kama sura yako inawaweka wote kwenye njia moja, basi duara jekundu la sentensi ile halikuwa la neno peke yake.

Kuhusu uaminifu, hapo ndipo penye tasnifu yako hasa, nami ningependa upaandike kwa uangalifu kuliko pengine popote. Unadai nini? Kama unadai kwamba bila kuaminiana biashara hii ingesimama kabisa, Kiingereza kina "linchpin": ule msumari mdogo unaopita kwenye ncha ya ekseli na kuzuia gurudumu lisichomoke. Ni kitu kidogo, lakini ukikitoa gari halitembei. Neno hilo linadai ushahidi wa nguvu: umeona biashara zilizokufa baada ya uaminifu kuvunjika? Wahojiwa wako wamekusimulia? Kama unadai tu kwamba uaminifu ni muhimu kuliko mambo mengine, "central" linatosha: "Trust is central to this trade". "At the heart of" ni laini zaidi na linakubalika. "Crux" liache, kwani hilo ni la hoja au tatizo, ile sehemu ngumu inayoamua mambo. Tunasema "the crux of the dispute", hatusemi kwamba soko au tabia njema ni "crux".

Lakini dawa bora zaidi ya sentensi ile ni kuiondoa nomino kabisa. Waandishi wazuri wa Kiingereza wanategemea vitenzi. Mtu wa Lubumbashi anamtumia mwenye duka fedha kwa simu kabla hajauona mzigo, na mwenye duka anapakia mzigo mwingine kabla deni la mwanzo halijaisha. Andika hivyo: "Buyers pay before they see the goods, and sellers ship before they are fully paid; both rely on trust." Hakuna "node", hakuna "nexus", na msomaji ameiona biashara kwa macho yake.

Imebaki ile ya "the hub between traders and clearing agents". Hapa ulihitaji neno la uhusiano, na yako mengi. "Link" ndilo lisilo na madai makubwa: linasema tu kwamba viwili vinahusiana, bila kueleza kwa undani kiasi gani. Huenda na "between" kwa vitu viwili, au "to" na "with" ukianzia upande mmoja. "Ties", kwa wingi, ni la watu na vikundi, na lina historia ndani yake: "kinship ties", "trade ties". Kwa wafanyabiashara waliosoma pamoja au waliooleana, hilo ni zuri sana. "Bond" lina hisia nyingi, na kwenye mada yako lina hatari ya pekee. Katika biashara ya mizigo ya nje, "bond" ni dhamana ya forodha, na kwa wachumi ni hati fungani. "The bond between the trader and the agent" linaweza kusomwa kama karatasi iliyowekwa forodhani. "Connection" ni salama kwa umoja. Kwa wingi, likihusu watu, lina harufu ya ile koneksheni tunayoisema mitaani, ya kupata jambo kwa kumjua mtu. Kama hicho ndicho unachokieleza, lieleze waziwazi. Kama sicho, chagua "relationships". Na kama uliyemkusudia ni mtu anayesimama katikati, yule dalali, basi mtaje kwa kazi yake: "brokers link traders to clearing agents".

Utaniuliza utegemee chombo gani. Orodha ya visawe itumie kukumbuka, kisha kila neno ulilokumbuka lipeleke kwenye kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, zile zinazotoa sentensi za mfano na kihusishi kinachofuata. Ukiwa bado na shaka, tafuta neno kwenye hazina ya matini, yaani mkusanyiko mkubwa wa lugha halisi iliyotumiwa na watu. British National Corpus ina maneno yapatayo milioni 100 na unaweza kuitafutia mtandaoni. Usitazame maana, tazama majirani: nini hutangulia, nini hufuata. Dakika tano za kusoma mistari ya "hub" zitakuzoesha kuliko saa nzima ya maelezo yangu. Programu za akili mnemba zitakunyooshea sentensi, na kwa makosa ya sarufi zinasaidia kweli. Kasoro yake ni kwamba zinaweza kukupa "linchpin" bila kujua kama ulipata ushahidi wa "linchpin". Hilo unalijua wewe uliyekaa na wahojiwa.

Mwisho, nenda ukaonane na msimamizi wako ana kwa ana. Usiende kumuuliza "nitumie neno gani?" Peleka sentensi zote nne zikiwa umeziandika upya, na uulize kwa kila moja kama tatizo lilikuwa ni neno au dai. "Word choice" pembeni ya ukurasa huandikwa haraka, na mara nyingi maana yake ni "sijaelewa unadai nini". Jibu lake litakuokolea mwezi. Kama sura nzima ina duara kila mstari, tafuta mhariri wa lugha, ila kwanza uliza idara yako inaruhusu mhariri aguse mpaka wapi, na upate jibu hilo kwa maandishi kabla hujamlipa mtu.